Betri ya Chombo cha Tanga Haichaji: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Tatizo Kabla Hujanunua Kitu

Nahodha akikuita ufukweni na kukuambia, "Fundi, betri imekufa, nitafutie nyingine," usikimbilie dukani. Muulize kwanza ilikuwa ikichajiwa na nini, na kwa muda gani. Mara nyingi utakuta betri ilinunuliwa nzima, ila imeshinda na njaa miezi kadhaa. Injini inawashwa dakika ishirini kutoka kwenye mkondo, inazimwa tanga likishapanda, inawashwa tena wakati wa kuingia. Usiku taa, redio, friji na simu za abiria zinakula zaidi ya kilichoingia. Betri ya asidi ikikaa nusu tupu wiki baada ya wiki, salfeti hugandia kwenye sahani zake za risasi na haitoki tena. Ukiweka mpya palepale, kwa waya zilezile, nayo itafuata njia hiyohiyo.

Kwa hiyo tunaanza na mita. Hakuna kifaa kinachobadilishwa kabla mita haijakitaja.

Mfano wangu ni chombo ambacho utakikuta Lamu, Kilifi, Tanga, Msasani au Nungwi: mashua, jahazi la watalii au yoti ya futi 30 hadi 45, mfumo wa volti 12, injini ndogo ya dizeli iliyofungwa ndani na altaneta yake (jenereta ndogo inayozungushwa na injini ili kuchaji), betri moja ya stata (mota ya kuwashia injini), moja au mbili za matumizi, na paneli ya sola karibu na shetri, yaani nyuma ya chombo. Chombo chako kikiwa cha volti 24, zidisha namba za volti za betri na za chaji kwa mbili.

Kabla hujashika spana

Volti 12 hazikurushi, ndiyo maana watu huzidharau. Hatari yake ni moto. Spana ikigusa chanya upande mmoja na chuma cha injini upande wa pili, mamia ya ampea hupita papo hapo, na pete ya ndoa ikiwa katikati, kidole kimekwenda. Vua pete, vua saa. Ukifungua betri anza na waya wa hasi. Ukifunga, malizia na wa hasi.

Betri inayochaji hutoa hidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche ndogo tu. Fungua vifuniko hewa ipite, zima sigara, na usichomoe klipu za chaja ikiwa imewashwa. Asidi ikikurukia, maji baridi mengi. Machoni suuza dakika kumi na tano au zaidi, halafu hospitali. Maji ya bahari yasiingie kamwe ndani ya betri ya asidi, kwa sababu yanaweza kutoa klorini, na hiyo ni sumu ndani ya chumba chenye mlango mmoja.

Umeme wa gatini, wa volti 230 au 240, ni habari nyingine kabisa. Huo unaua. Ukiona tatizo liko upande huo, chomoa waya na umwite fundi mwenye leseni.

Vifaa

Mita ya dijitali ya kawaida inatosha kwa kazi nyingi, lakini badilisha betri yake kwanza: mita yenye betri iliyochoka husoma uongo. Ukiweza, ongeza mita ya kubana waya, ile inayosoma ampea za DC, umeme wa betri. Ziko nyingi sokoni zinazosoma AC tu, umeme wa nyumbani, na hizo hazitakusaidia hapa. Beba haidromita (kile kioo chenye kipira cha kufyonza asidi na kupima uzito wake), brashi ya waya, msasa laini na taa ya kichwani.

Vitu viwili utavitengeneza mwenyewe. Cha kwanza ni waya wa mita kumi wenye klipu ya mamba kila upande, ili uweze kupima kutoka betri hadi omo (mbele ya chombo) bila kukata kitu. Cha pili ni balbu ya indiketa ya gari, ya wati 21, iliyofungwa waya mbili. Utaona kwa nini baadaye.

Hatua ya kwanza: pima betri ikiwa imepumzika

Pima alfajiri, kabla jua halijagonga paneli, betri ikiwa haijachajiwa wala kutumika kwa saa kadhaa. Kama imetoka kuchajiwa, washa taa dakika chache kisha zima, maana volti za juujuu hudanganya.

Kwa betri ya kawaida ya asidi: 12.7 imejaa, 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na 11.8 au chini yake ni tupu. Betri za AGM (zile zilizofungwa, asidi yake ikiwa imefyonzwa ndani) husoma juu kidogo, 12.8 hivi zikijaa. Ukikuta 10.5 na haipandi hata baada ya chaji ndefu, seli moja kati ya sita imekufa, na hapo ndipo neno "imekufa" linapofaa.

Weka ncha za mita kwenye nguzo ya risasi ya betri yenyewe. Halafu zihamishe kwenye lagi, kile kichwa cha shaba kilichobana mwisho wa waya, huku kuna kitu kimewashwa. Namba mbili zikiachana, umeshapata uchafu wa kwanza na hujatoa hata senti.

Betri ikiwa na vifuniko, tumia haidromita seli moja moja. Iliyojaa husoma kati ya 1.25 na 1.28, kutegemea asidi iliyotiwa kiwandani. Tofauti ni muhimu kuliko namba yenyewe: seli tano zikisoma 1.25 na moja 1.18, hiyo moja ndiyo inayokuvuta chini. Maji yakiwa yamepungua hadi sahani zinaonekana, tia maji ya betri yafunike sahani tu, chaji, halafu ndiyo ujaze hadi alama. Usiongeze asidi. Maji ya kisima ya pwani yana chumvi, hayafai, na haya maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi ambayo watu huyasifu huwa yamepita kwenye mabomba ya shaba na vumbi, mimi siyatii.

Hatua ya pili: ipe mzigo

Betri inaweza kusoma 12.6 ikiwa imelala, kisha ikaanguka mara tu ukiitaka kazi. Vuta kizimio cha injini isiwake, shika mita kwenye nguzo za betri ya stata, mwenzako azungushe stata sekunde tano. Ikibaki juu ya 10, iko sawa. Ikishuka chini ya 9.6 ilhali ilikuwa imejaa, imechoka.

Sasa rudia, safari hii mita ikiwa kwenye stata yenyewe: chanya kwenye boliti yake kubwa, hasi kwenye bodi yake. Betri ikionyesha 11.3 na stata ikipata 9.4, betri yako ni nzima na karibu volti mbili zinapotelea njiani. Wenye vyombo wangapi wamenunua betri kubwa ya N120 kwa kosa la lagi moja!

Tahadhari ambayo mafundi wa magari hawaijui wakija baharini: usizungushe stata mara nyingi injini isipowaka. Pampu ya maji ya bahari inaendelea kusukuma maji kwenye ekzosi, na kwa kuwa hakuna moshi wa kuyatoa, yanaweza kurudi mpaka ndani ya silinda. Ukihitaji kuzungusha zaidi ya mara mbili tatu, funga valvu ya maji ya bahari, na uning'inize ufunguo wa injini kwenye valvu hiyo ili usisahau kuifungua.

Hatua ya tatu: washa injini usome altaneta

Andika volti za betri kabla ya kuwasha. Washa, peleka injini mizunguko 1,500 hivi kwa dakika, subiri dakika tano, soma tena.

Volti zikipanda hadi kati ya 13.8 na 14.4, altaneta inafanya kazi. Zikiganda kwenye 13.0 hadi 13.4 usiihukumu upesi: betri iliyokuwa tupu kabisa hunywa ampea nyingi na volti zake hupanda polepole. Mita ya kubana ndiyo itakayokata shauri. Ampea 30 zinazoingia ni kazi. Ampea 3 kwenye betri tupu ni ugonjwa. Zikibaki palepale zilipokuwa au zikishuka, hakuna kinachoingia. Zikipita 15, regyuleta (kidhibiti cha volti za altaneta) imekufa na inachemsha betri, zima injini.

Kama hakuna kinachoingia, fuata mpangilio huu, kuanzia cha bei ndogo.

Anza na mkanda. Bonyeza kwa gumba katikati ya sehemu yake ndefu; usizame zaidi ya sentimita moja hivi. Vumbi jeusi la mpira kuzunguka altaneta maana yake mkanda unateleza, hata kama haulii.

Kisha taa ya chaji. Geuza ufunguo bila kuwasha injini: taa ndogo yenye alama ya betri lazima iwake. Isipowaka, watu husema "ni balbu tu" na kuendelea na safari. Kwenye altaneta nyingi, mkondo mdogo unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoamsha sumaku ndani yake. Balbu ikiungua, au kile kiwaya chembamba nyuma ya altaneta kikichomoka kwa mtikisiko, altaneta itazunguka bure. Dalili yake ni kuwa pengine huamka ukiongeza mafuta sana, kisha ikachaji vizuri mpaka utakapozima. Taa ikiwaka na isizimike injini ikinguruma, na mkanda uko sawa, shuku brashi za kaboni au regyuleta.

Mwisho, diodi, zile vali za umeme zinazopitisha upande mmoja tu. Weka mita kwenye volti za AC, ncha kwenye betri, injini ikifanya kazi. Usomaji ukipita nusu volti, kuna diodi iliyoungua, na altaneta itakuwa ikitoa chini ya uwezo wake. Baadhi ya mita za bei rahisi huchanganyikiwa kwenye kipimo hiki na kuonyesha 26 au 28. Geuza ncha, na ikisoma sifuri ujue mita ndiyo yenye tatizo.

Kinachoziua diodi mara nyingi ni mkono wa mtu. Mtu anageuza swichi kuu ya betri hadi kwenye kuzima wakati injini inakwenda. Altaneta ikikosa pa kupeleka umeme, volti hupaa na diodi huungua kwa kufumba na kufumbua. Bandika karatasi kando ya swichi hiyo, kwa maandishi makubwa: ZIMA INJINI KWANZA.

Hatua ya nne: umeme unapotelea wapi njiani

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko kwingine, na hapa ndipo tatizo linapopatikana mara nyingi.

Injini ikiwa inachaji na taa na friji vimewashwa ili ampea ziwe nyingi, weka ncha moja ya mita kwenye boliti ya chanya nyuma ya altaneta na nyingine kwenye nguzo ya chanya ya betri. Usipime chanya kwa hasi. Unapima chanya kwa chanya, mwanzo wa waya na mwisho wake. Waya ungekuwa mkamilifu ungesoma sifuri. Hadi 0.2 vumilia. Ukisoma 0.5 au zaidi, kuna kizuizi. Fanya vivyo hivyo upande wa hasi: bodi ya altaneta hadi nguzo ya hasi ya betri. Upande wa hasi husahauliwa na kila mtu, ilhali kila kinachokwenda kwa chanya hurudi kwa hasi.

Nusu volti unaweza kuiona ndogo. Lakini betri inayotaka 14.4 ikipewa 13.9, itachukua saa nyingi mno kumaliza robo yake ya mwisho, na injini yako inawashwa dakika ishirini. Hapo njaa imeanza.

Sasa gawanya njia vipande: altaneta hadi swichi kuu, swichi yenyewe, swichi hadi fyuzi, fyuzi yenyewe, fyuzi hadi betri. Pima kila kipande peke yake. Kimoja kitabeba karibu volti zote zilizopotea. Ukishika lagi yake kwa kidole utakuta ina joto.

Ifungue uitazame. Kwa nje inaweza kuwa safi, mpira wake mwekundu unang'aa. Kata mpira kwa kisu. Ndani utakuta unga wa kijani kibichi kama chokaa iliyotiwa rangi, na nyuzi za shaba zimekuwa nyeusi. Menya waya kidogo kidogo: weusi unaweza kwenda sentimita ishirini ndani, kwa sababu hewa ya chumvi imepanda katikati ya nyuzi kama mafuta kwenye utambi. Waya huo hausafishwi. Ukate hadi ufike kwenye shaba inayong'aa, na usipoifikia, badilisha waya mzima.

Kati ya altaneta na betri mbili huwa kuna kifaa cha kugawa umeme. Cha zamani ni kile cha diodi, chenye mapezi ya alumini. Hicho kwa maumbile yake hula 0.6 hadi 0.7 volti, kwa hiyo betri haziwezi kujaa sawasawa isipokuwa regyuleta inasoma volti kwenye betri yenyewe. Ninapokikuta kwenye chombo, hushauri kiondolewe. Kinachotumika sasa ni relei, swichi inayojiendesha, inayounganisha betri hizo mbili volti zikifika 13.3 hivi na kuziachanisha zikishuka karibu na 12.8. Ikigoma, utaona betri ya stata ina 14.2 na ya matumizi 12.3 injini ikinguruma. Angalia kiwaya chake chembamba cha hasi kabla hujaitupa.

Hatua ya tano: sola

Chomoa waya za paneli kwenye kontrola (kidhibiti cha chaji ya sola) na upime jua likiwa utosini. Kabla ya kuchomoa, funika paneli kwa kipande cha turubai ili koneka zisipige cheche. Paneli inayoitwa ya volti 12 husoma 20 hadi 22 bila mzigo. Lakini volti hizo peke yake hazithibitishi kitu. Paneli yenye kivuli husoma 19 na isitoe hata ampea moja. Ampea ndizo ushahidi. Paneli ya wati 100, safi, saa sita mchana, itoe 4 hadi 5 kuingia kwenye betri yenye nafasi.

Kwenye chombo cha tanga adui wa kwanza ni kivuli. Kamba moja nene, ncha ya foromali (mti unaobeba tanga) au kona ya tanga ikikatiza seli chache hushusha paneli nzima kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe, kwa kuwa seli zimefungwa kwa mfululizo. Tazama kivuli kinaangukia wapi asubuhi, adhuhuri na alasiri chombo kikiwa kwenye nanga, ndiyo uamue mahali pa kufunga. Paneli mbili zilizounganishwa sambamba, moja kila upande, huvumilia zaidi kuliko mbili zilizofuatana.

Adui wa pili ni waya mwembamba. Chukua paneli zinazotoa ampea 10 na mita tano za waya kwenda, tano kurudi. Kwa waya wa milimita za mraba 2.5, zinapotea volti 0.7. Kwa waya wa 6, zinapotea 0.3. Duka la sola la mjini litakuuzia wa 2.5 kwa sababu ndio wa nyumbani.

Kontrola nayo ina mipangilio. Angalia imewekewa aina gani ya betri: ya maji hutaka 14.4 hadi 14.8, AGM karibu 14.4, na jeli isipite 14.2. Betri ikiwa chumba cha injini chenye joto la digrii 35, shusha robo volti, au tumia kontrola yenye kihisi cha joto kilichobandikwa kwenye betri. Ukifunga, unganisha betri kwanza, paneli baadaye. Ukifungua, paneli kwanza. Kontrola nyingi hupotea akili, nyingine huungua, zikipata paneli bila betri.

Injini za nje nazo huchanganya watu. Baadhi ya zile ndogo za kuvuta kwa kamba hutoa umeme wa AC wa kuwasha taa tu. Bila rektifaya (kigeuzi cha AC kuwa DC) hazichaji betri hata ukikesha.

Hesabu ya kula na kuingiza

Ukimaliza kupima na kila kitu ni kizima, na betri bado inashuka, tatizo ni hesabu. Friji inayovuta ampea 4 na kufanya kazi nusu ya siku hula ampea-saa 48. Taa za LED, pamoja na ya nanga, 3. Redio ya VHF, ile ya mawasiliano baharini, ikisikiliza kwa muda wa saa kumi, 4. GPS yenye skrini kwa muda wa saa nane, 8. Simu na inveta (kigeuzi cha volti 12 kuwa umeme wa nyumbani), 10. Jumla 73.

Paneli za wati 200 kwenye jua la pwani, tuseme saa tano za jua kali, hutoa kama 80 kwa karatasi na 60 kwa ukweli. Unakosa 13 kila siku. Betri za ampea-saa 200 zinazotakiwa zisishuke chini ya nusu zitafika nusu ndani ya siku saba hivi. Nahodha atasema ilikuwa nzuri wiki nzima kisha ikafa ghafla. Wakati wa masika, mawingu yakikaa, zitafika mapema zaidi.

Dawa rahisi ni kuzima inveta. Yenyewe ikiwa tupu inaweza kula ampea nzima, usiku kucha, ili simu moja ichajiwe. Funga soketi ya USB ya volti 12.

Hatua ya sita: kinachokula usiku

Zima kila swichi. Chomoa waya wa hasi wa betri ya matumizi, weka mita katikati ya nguzo na waya huo, upande wa ampea 10, na usiwashe kitu chochote kikubwa huku mita iko hapo, fyuzi yake itaungua. Miliampea 10 au 20 ni kumbukumbu ya redio na kontrola. Ukikuta 500, kuna kitu kinakula ampea-saa 12 kila siku. Chomoa fyuzi moja moja hadi namba iporomoke. Fyuzi iliyoiporomosha ndiyo njia ya mwizi.

Kifaa kimoja hakiwaki

Taa ya mlingotini haiwaki. Unapima kwenye soketi, unapata 12.5, unasema umeme upo, ni balbu. Unabadilisha balbu, bado giza. Uzi mmoja tu wa shaba uliobaki kati ya thelathini unatosha kuipa mita volti zote, kwa kuwa mita haili chochote. Balbu ikitaka ampea, uzi huo haupitishi. Ndiyo sababu ya ile balbu ya indiketa. Iunganishe mahali pa taa: ikiwaka kwa nguvu, njia ni nzima, ikimulika kwa unyonge, fuata waya kurudi nyuma ukiijaribu kila kiungo. Kwa mlingoti anza na plagi iliyo sitahani chini yake, ambako maji ya mawimbi hukaa.

Ukibadilisha taa za zamani za ubavuni na LED, hakikisha nyekundu bado iko kushoto na kijani kulia, kisha sikiliza VHF chaneli 16 huku unawasha na kuzima. LED za bei ya kutupa hutoa kelele zinazofunika redio. Heri kujua ukiwa kwenye nanga.

Pampu ya ngama (ya kutoa maji yanayokusanyika chini ndani ya chombo) isipowaka, pitisha umeme moja kwa moja kando ya swichi ya kuelea. Ikizunguka, swichi ndiyo mbovu. Ikinguruma bila kuzunguka, fungua kichujio. Utakuta nywele, nyuzi za kamba au vipande vya nazi.

Kuunga waya ili idumu

Tumia waya wa shaba uliopakwa bati pale unapoweza kuupata. Wa nyumbani wenye uzi mmoja mgumu hukatika kwa mtikisiko. Bana lagi kwa koleo la kubania la saizi yake. Kugonga kwa nyundo hakutoshi. Ukishabana vuta kwa nguvu. Ikichomoka mkononi, ingechomoka baharini. Solda peke yake siipendi kwenye waya wa betri: joto likizidi huyeyuka, na nyuzi hukatika pale solda inapoishia. Funika kwa mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani, na uache waya ulegee kidogo chini ya kiungo ili maji yadondoke kabla hayajafika. Tepu nyeusi ya umeme hutunza unyevu ndani, iweke kwa kazi ya muda tu.

Fyuzi kuu ikae karibu na betri, ndani ya sentimita 20 kutoka nguzo. Waya uliotangulia fyuzi hauna ulinzi, na ukipiga shoti, unaowaka ni mbao za chombo.

Lithiamu

Betri za lithiamu za LiFePO4 ni nzuri, na nyepesi, lakini usiziweke tu mahali pa za asidi. Hunywa ampea zote altaneta inazotoa bila kupungua mpaka zinakaribia kujaa, na altaneta ndogo iliyozoea kupumzika baada ya nusu saa huungua kwa joto. Zaidi ya hapo, kompyuta yake ya ndani ikikata ghafla, inafanya kosa lilelile la kuzima swichi kuu injini ikienda. Iache betri ya stata iwe ya asidi iunganishwe na altaneta, na ya lithiamu ilishwe kupitia chaja ya DC kwa DC. Na usiisome kwa zile namba za alfajiri: lithiamu hukaa karibu na 13.2 ikiwa imejaa robo tatu na ikiwa nusu pia.

Chombo cha mbao: umeme unaovujia ngama

Kwa mashua na jahazi la mbao kuna kipimo kimoja zaidi. Waya za pampu ya ngama huungwa chini, ndani ya maji ya chumvi, na chanya yake huwa na umeme saa zote. Pampu ikiwa haizunguki, chomoa fyuzi yake na uweke mita ya miliampea mahali pake. Isome sifuri. Ikisoma miliampea kadhaa, umeme unapita majini kwenda kwenye vyuma vingine vya chombo. Shaba ya valvu iliyoliwa hugeuka rangi ya waridi na kuwa dhaifu; upande wa pili, mbao zinazozunguka chuma hupata unga mweupe na kulainika mpaka ukucha unazama. Zinki, vile vipande vinavyofungwa ili viliwe badala ya vyuma vingine, zikiwa nyingi kupita kiasi huleta ulaini huohuo, kwa hiyo kuongeza zinki si tiba ya uvujaji. Kata viungo hivyo, vipandishe juu ya alama ya ngama ikiwa imejaa, uunge upya kwa mpira wa gundi, kisha rudisha mita uhakikishe ni sifuri kabla ya kurudisha fyuzi.